Abiria wa Rael

Mzee Koros tulimzika Jumamosi iliyopita nyumbani kwake karibu na Kaplong. Familia ilipowaomba marafiki waseme machache, mke wangu Rael alisimama akaongea kwa dakika ishirini. Alieleza vile mzee huyo, dereva mstaafu wa malori ya majani chai kule Kericho, alivyomfundisha kuendesha gari wakati ambapo mwanamke akipita na gari huku kwetu watu waliacha kuchuma chai wakasimama kutazama. Waombolezaji walicheka, kisha wakapangusa macho. Mimi nilikuwa chini ya hema, kwenye kiti cha plastiki, sahani ya wali na viazi ikipoa magotini, nikijua kuna sehemu ya hadithi hiyo anaikaribia. Aliifikia, akaizunguka polepole kama mtu anayezunguka dimbwi, akaendelea mbele. Hakuisema. Amekuwa akinifanyia hivyo kwa miaka mingi, na nafikiri sasa nimezeeka vya kutosha kuisema mwenyewe.

Ulikuwa mwaka wa tisini na saba, ule ulioisha na mvua ambayo watu waliiita El Niño. Tulikuwa na nyumba ya mbao na mabati juu ya Silibwet, vyumba viwili na sebule, na jiko la nje lililosimama peke yake, kuta zake nyeusi kwa moshi. Binti yetu Faith alikuwa na miaka mitatu. Mimi nilifundisha shule ya msingi iliyokuwa njiani, kama nusu ya safari ya kwenda Kaplong. Rael alikuwa karani wa kikundi cha wafugaji: kila asubuhi alisimama kwenye kibanda kando ya barabara akipokea maziwa ya majirani, akiyapima kwa kile kipimo cha kioo kinachoelea, akiyakataa yaliyotiwa maji bila kumwangalia mtu usoni. Kikundi kilikuwa na pikapu moja kuukuu ya kupeleka mikebe kwenye kituo cha kupoza maziwa. Mwezi wa pili dereva wake akapata kazi kwingine akaondoka, na kwa siku tatu maziwa yakaganda kwenye mikebe huku wanaume wa kamati wakijadiliana. Siku ya nne Rael aliwaambia wakodi dereva kwa mwezi mmoja tu, naye atajifunza. Nadhani walikubali kwa sababu hawakuamini kwamba ataweza.

Mzee Koros alimfundishia kwenye uwanja wa mpira wa shule yangu, jioni wanafunzi wakishaenda. Mimi nilitazama kutoka dirisha la chumba cha walimu, vitabu vya kusahihisha vikiwa mbele yangu na kalamu imekauka mkononi. Pikapu iliruka kama mbuzi, ikazima, ikaruka tena. Mzee hakuwahi kupaza sauti. Alikaa pale kando, kofia yake ya sufu imeshuka mpaka kwenye nyusi, mikono yote miwili kifuani, na nilipomuuliza kama haogopi alinijibu kwamba yeye amebeba majani chai kwenye ukungu kwa miaka thelathini, hawezi kuogopa magoli ya mpira. Mwisho wa mwezi Rael alienda Kericho akafanya mtihani akapita. Alirudi na mkate na soda, tukala kama watu wa Krismasi, na nilifurahi kweli. Nilifurahi mpaka asubuhi yake, nilipoingia mbele ya pikapu kama abiria wake na kufunga mlango.

Msomaji atataka sababu, na nimeitafuta kwa muda mrefu. Sikuwahi kupata ajali. Katika magari ya watu wengine nililala. Nimewahi kulala kwenye basi kutoka Narok, dereva akiwa anatafuna miraa na mlango haufungi, nikaamshwa Bomet na mate kwenye kola. Lakini Rael akishika usukani, usingizi ulinikimbia. Niliona kila ng'ombe kabla hajatoka kichakani. Nilivuta pumzi kwa meno. Mguu wangu wa kulia ulikanyaga breki ambayo haikuwepo, asubuhi baada ya asubuhi, mpaka raba ya sakafuni ikatoboka mahali pa kisigino. Nilijiambia ni mapenzi, kwamba humo ndani kuna mama wa mtoto wangu. Leo nikiwa peke yangu kwenye veranda nakubali kwamba haikuwa mapenzi yote. Ndani ya nyumba ile mimi ndiye niliyejua mambo. Mimi ndiye niliyesoma barua za serikali, niliyejaza fomu, niliyeeleza habari za redioni. Sasa kulikuwa na kitu kikubwa chenye moto ndani yake ambacho yeye alikijua na mimi sikukijua, na kila asubuhi nilikaa kando yake kama mzigo.

Rael alivumilia. Mwanzoni alinieleza anachofanya, kwamba hapa nitapunguza gia, hapa kuna kona, usiogope. Baadaye akanyamaza, akaendesha midomo ikiwa imebanwa. Mwezi wa saba hivi Mzee Koros alipanda nasi siku moja akienda kwa daktari wa meno, tukambana katikati, na baada ya kilomita tatu akaniambia bila kugeuka, "Mwalimu, hii gari wewe unaendesha kuliko mama." Nilicheka. Rael hakucheka.

Mvua zilianza mwezi wa kumi na hazikujua kusimama. Barabara ya murram kutoka kwetu, udongo mwekundu usio na lami, ikawa sabuni. Asubuhi moja mwanzoni mwa Novemba, tukishuka mteremko wa mtoni na mikebe kumi na moja imejaa nyuma, lori la majani chai lilikuwa linapanda, lililokuwa limekwama huko chini tangu jana yake. Sehemu yake ya nyuma ilikuwa inateleza, inakuja upande wetu polepole. Rael alikwisha ingiza gia ya kwanza tangu juu ya mlima. Hakugusa breki, kwa sababu mzee alimfundisha kwamba kwenye matope breki ni adui, injini ndiyo inashika. Alikuwa anaisogeza pikapu kushoto kidogo kidogo, macho yamekaza mbele, na nafasi ilikuwepo. Haya yote nayajua sasa. Wakati ule niliona tu ukuta wa lori unakuja, na mkono wangu ukaondoka, kama ambavyo mkono huondoka kwenye moto, ukashika usukani ukauvuta kwangu.

Gurudumu la mbele liliingia mtaroni. Pikapu ililala ubavu dhidi ya ukingo wa udongo, mikebe ikabiringika, na maziwa ya nyumba ishirini na tatu yakashuka barabarani kwenye mifereji ya magurudumu, meupe kwanza, kisha ya waridi, kisha yenye rangi ya matope. Lori lilipita. Kati yake na sisi mtu angeweza kutembea na mwavuli. Rael alikuwa amejigonga nyusi kwenye dirisha na damu ilikuwa inamwingia jichoni. Tulitokea mlango wake, mimi nikimsukuma kutoka chini, akasimama barabarani akibana jeraha kwa leso yake.

Watu walikuja, vile watu huja. Wapakiaji wa lori, wanawake waliokuwa na vikapu vya chai mgongoni, mzee mmoja na fimbo yake. Nilisikia mwanamke kwenye ua akimwambia mwenzake kwamba ni yule mama wa pikapu. Mwanamume mmoja akasema tuliwaambia. Kisha mwenye lori, mtu mpole, akanijia akanishika bega. "Pole, Mwalimu. Umeponea chupuchupu. Hii barabara si ya mwanamke." Rael alikuwa hatua mbili kutoka kwangu. Alinitazama kwa jicho moja, lile lisilo na damu. Na mimi nikasema, "Tumshukuru Mungu," nikainama nikaanza kuokota vifuniko vya mikebe.

Alishonwa nyuzi nne. Gurudumu lilikuwa limepinda kidogo, likanyooshwa siku mbili. Kikundi kikatangaza mkutano wa kuamua nani ataendesha, na kwa wiki hizo mbili za kungoja Rael akarudi kwenye kibanda chake na kipimo chake, na Mzee Koros, pamoja na uzee wake, akakubali kupeleka maziwa. Alinibeba mpaka shuleni kama kawaida. Siku ya tatu nilishtuka nikiwa nimelaza kichwa kwenye kioo, na gari limesimama langoni, na mzee ananingoja niamke. Akaniambia kwa upole kabisa, "Kwangu unalala." Akaendelea kwamba siku ile ya ajali alienda mteremkoni kabla mvua haijafuta alama, akaona magurudumu yamekuja vizuri, polepole, halafu yamekatwa ghafla kushoto kama mtu amevuta kamba. Mwanafunzi wake hakati hivyo. "Mimi sitasema," aliniambia. "Si mimi nilikuwa ndani."

Hata baada ya hayo sikusema. Naandika hili polepole kwa sababu ndilo gumu. Nilikuwa na mambo ya kujiambia: kwamba huenda lori lingetugonga, kwamba hakuna aliyekufa, kwamba Rael mwenyewe hajalalamika. Nyumbani alikuwa kama siku zote. Alinipikia maji ya kuoga. Alimimina mursik kwenye kikombe changu kabla ya chake, yale maziwa mazito ya kibuyu yenye harufu ya mkaa, na aliponyoosha mkono niliona uzi mweusi kwenye nyusi yake. Tulikula ugali na mboga ya managu, tukisikiliza mvua kwenye mabati, na Faith akituhadithia habari za kuku.

Jumamosi moja alasiri nilikuwa nyuma ya jiko, chini ya mwisho wa paa, nikipanga kuni kavu mbali na mvua. Ndani Rael alikuwa na jirani yetu Mama Kemunto, Mkisii aliyekuja miaka mingi nyuma na mume wake wakafungua duka la ndizi na mboga hapo sentani, kwenye maduka ya kijiji. Yeye na Rael waliongea Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha waliyokutana ndani yake, na labda kwa sababu hiyo kila neno lilikuwa wazi, halikukatwa kama watu wanavyokatiana wakiongea lugha ya nyumbani. Nilisikia chai ikimiminwa. Mama Kemunto alikuwa anauliza kwa nini haendi kwa mwenyekiti amwambie jinsi mambo yalivyokuwa.

"Nikisema alivuta stering, watamcheka mpaka watoto wa darasa la tatu," Rael alisema. "Mimi watanisema wiki mbili, wasahau. Yeye anafundisha watoto wao."

"Na yeye amekuambia nini?"

"Ameniambia pole."

"Pole ya nini?"

"Ya jicho."

Nilisikia kikombe kikiwekwa chini. Nilisimama na kuni kifuani, siwezi kuziweka chini kwa sababu zingelia. Kisha Rael akasema tena, kwa sauti ya chini kidogo, "Hiyo ya stering mimi sijali, Mama Kemu. Mtu akiogopa anashika chochote. Inaniuma vile nilimngoja pale barabarani. Nilimngoja. Akainama kuokota vifuniko."

Sijui nilisimama pale kwa muda gani. Maji ya paa yalikuwa yananidondokea mgongoni na sikusogea. Nilikuwa nimefikiri hakuona, au ameona na amepuuza, au ni jambo dogo ambalo limepita. Kumbe alikuwa bado amesimama mahali pale pale, na leso kwenye jicho, akiningoja. Jioni hiyo nilijaribu kusema nikashindwa. Nilifungua mdomo nikaomba chumvi.

Mkutano ulikuwa kwenye jumba la kanisa, Jumanne baada ya maziwa. Kulikuwa na harufu ya makoti yaliyonyeshewa na ya udongo wa gamubuti za mpira. Rael alikaa upande wa wanawake, Faith amelala mapajani mwake. Mwenyekiti aliongea vizuri, sitamsingizia. Alisema mama huyu amefanya kazi ya kusifiwa, amebeba maziwa miezi minane bila kumwaga hata tone, ila mvua ni nyingi, barabara imeharibika, na kamati inaona kwamba kwa usalama wake mwenyewe arudi kupima, na atafutwe kijana mwenye nguvu. Watu walitikisa vichwa kukubali. Akauliza kama kuna mwenye neno. Niliinua mkono kama mwanafunzi.

"Gari halikuangushwa na Mama Faith," nilisema. "Ni mimi. Nilishikwa na woga nikavuta stering. Yeye alikuwa sawa. Halafu mkaja, mkamlaumu, na mimi nikanyamaza."

Nilitegemea kicheko. Kilichokuja kilikuwa kibaya zaidi. Mwenyekiti alitabasamu, akasema hilo ni jambo la heshima, kwamba ni wanaume wachache wanaoweza kujibebesha kosa la mke hadharani, na wengine wakaitikia ndiyo, ndiyo, Mwalimu ni mtu mzuri. Mama mmoja alipiga makofi. Nikasimama pale nikisifiwa kwa kitu ambacho kilikuwa aibu yangu, na nikaona kwamba nimechelewa sana, kwamba ukweli niliouweka mfukoni wiki mbili umetoka ukiwa na sura ya uongo. Sijawahi kujisikia mdogo kama wakati ule. Ndipo Mzee Koros akasimama nyuma, akavua kofia yake. Aliwaambia Mwalimu hajibebeshi kitu. Akaeleza alama alizoziona kwenye matope, akionyesha kwa viganja viwili, hivi, hivi, halafu hivi. Akasema mtu anayetaka kubishana naye kuhusu magurudumu kwanza aendeshe lori miaka thelathini. Hapo sasa kicheko kikaja, na nilikipokea kama mvua baada ya kiangazi.

Mwenyekiti alimgeukia Rael akamuuliza yeye anasemaje. Aliinuka taratibu asimwamshe mtoto. Alisema Mwalimu amesema, na ilivyosemwa ndivyo ilivyokuwa. Ana neno moja tu la kuongeza: wakimrudishia gari, Mwalimu hatakaa mbele.

Walimrudishia gari, na mimi sikukaa mbele. Kuanzia wiki ile mpaka shule zilipofungwa, na tena muhula mpya ulipofunguliwa Januari, nilisafiri nyuma ya pikapu nikiwa nimesimama kati ya mikebe, mkono mmoja kwenye chuma, mkono mwingine kwenye mwavuli ambao upepo uliupindua mara mbili. Walimu wenzangu walipanga mstari langoni kunipokea. Wanawake kwenye chai walinisalimia kwa sauti kutoka mbali, wakauliza leo maziwa ni lita ngapi na mwalimu ni lita ngapi. Nilijibu. Cha ajabu ni kwamba huko nyuma sikuogopa hata siku moja. Niliona barabara tuliyokwisha pita tu, mashamba ya kijani yakirudi nyuma, moshi wa viwanda vya chai ukilala juu ya mabonde upande wa Kericho, na kupitia kile kioo kidogo nyuma ya kiti chake niliona shingo ya Rael. Nilikuwa sijawahi kumtazama akiendesha. Miezi yote ile nilitazama barabara. Nikaona kwamba mabega yake yameshuka, kwamba kichwa chake kinageuka kulia na kushoto bila haraka, kwamba kwenye sehemu nzuri anaimba, kwa sababu taya lilikuwa linacheza. Nilipokuwa kando yake hakuwahi kuimba.

Hatukuongea juu ya jambo hilo nyumbani kama watu wanavyoongea kwenye redio, ukinieleza hili nami nikueleze lile. Usiku wa mkutano, tulipokuwa tunamlaza Faith, nilimwambia kwamba nilisikia siku ile ya kuni, na kwamba pole yangu haikuwa ya jicho. Alifunika miguu ya mtoto. Alisema, "Najua sasa." Basi.

Mwisho wa Januari ilikuwa bado inanyesha. Asubuhi moja mimi sikuwa na shule, nilikuwa naenda naye mpaka Kaplong kufuata dawa za Faith za kifua. Kabla ya kufika lami alisimamisha gari, injini ikinguruma, akashuka akazunguka akaja nyuma. Maji yalikuwa yanatiririka kutoka kwenye mwavuli wangu mpaka ndani ya viatu. Alinitazama kutoka chini kwa muda, kile kikovu kwenye nyusi kikiwa bado chekundu. Akaniambia niingie mbele. Nikamwambia niko sawa huku. Akasema hajauliza kama niko sawa.

Niliingia. Ndani kulikuwa na joto na harufu ya maziwa. Aliweka mkono kwenye gia lakini hakuondoka bado.

"Baba Faith, kuogopa ogopa tu," alisema. "Lakini useme. Usishike kitu, usivute pumzi. Sema, naogopa. Nikisikia nitajua uko wapi."

Nikamwambia nimekubali. Tukapanda lami, tukaenda kilomita mbili tatu vizuri kabisa. Kisha mbele yetu, kwenye ile sehemu nyembamba yenye kona, likatokea trela la ngano, limejaa mpaka turubai limetuna, linarusha maji pande zote mbili kama mto. Mguu wangu ulianza kutafuta breki. Nikabana mikono yote miwili chini ya mapaja.

"Naogopa," nikasema.

"Nimesikia," Rael akasema, akapunguza gia. Trela likatupita, maji yakafunika kioo chote, kikawa cheupe, hatukuona kitu, na wakati hatuoni nikasema tena, naogopa, na yeye, macho yakiwa mbele, akasema tena amesikia. Wipa ikarudi ikapangusa kioo. Barabara ilikuwa pale.